Arosto Huisha, Ugonjwa Hubaki

Katika mitaa mingi ya pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Temeke, familia zenye kijana anayetumia unga, yaani heroini, hupita njia moja. Ndugu humkamata kijana wao, wakamfungia chumbani au wakampeleka shamba kwa jamaa wa mbali. Kijana hupambana na arosto, yale mateso ya mwili uliokatiwa unga, kwa wiki moja au mbili, kisha hutoka amenawiri. Anakula, analala, anaswali, anamwomba mama yake radhi, na nyumba nzima inashukuru kwamba ameacha. Mwezi haujaisha ameonekana tena maskani ya watumiaji, na wanaomjua wanahitimisha kwamba hana nia, au hawapendi wazazi wake, au aliharibika tangu utotoni. Hitimisho hilo ndilo ninalolipinga hapa. Kijana huyo aliacha kweli. Tatizo ni kwamba tumeamini kuacha ndiko kupona, na tukajenga huduma, sheria na matumaini yetu juu ya imani hiyo. Ushahidi wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kwamba arosto ni sehemu fupi na nyepesi kuliko zote katika uraibu wa heroini, na kwamba hatari kubwa ya kufa huja baada yake, pale familia inapodhani vita vimekwisha.

Kwanza tuangalie arosto yenyewe ni nini. Mwili wa binadamu hutengeneza kemikali zake za kutuliza maumivu, nazo hufanya kazi kwa kushika vipokezi maalumu vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo. Heroini ikiingia hugeuka mofini ndani ya muda mfupi, ikavishika vipokezi hivyo kwa nguvu ambayo kemikali za mwili hazijawahi kuwa nayo. Ubongo unapofurikwa hivyo kila siku hujirekebisha: hupunguza mwitikio wake, na hukaza mifumo inayoamsha mwili ili isizimwe moja kwa moja. Ndiyo maana dozi iliyomlewesha mtu mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa sita. Unga ukikatika, mifumo ile iliyokazwa hubaki haina kizuizi. Jasho, kuhara, makamasi, mifupa kuuma, vinyweleo kusimama, kukosa usingizi, na hofu isiyo na sababu, yote hayo ni mwili uliofungwa breki kwa muda mrefu kisha breki zikaachiliwa ghafla. Huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hutulia kati ya siku ya tano na ya kumi. Ni mateso makubwa, ingawa kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine huua kwa nadra. Ukali wake unaonekana katika mambo ambayo watu wamekubali kufanya ili kuukwepa. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam kwamba baadhi ya watumiaji, hasa wanawake wasio na fedha ya kete, yaani kipimo kidogo cha unga, walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, kwa matumaini kwamba unga kidogo umebaki ndani yake.

Kama uraibu ungekuwa arosto tu, gereza lingekuwa hospitali bora kuliko zote. Mfungwa akikosa unga miezi sita arosto ilikwisha zamani, lakini wengi hurudia mara wanapotoka. Kinachobaki ni kumbukumbu na mazoea yaliyochimba ndani ya ubongo: sura ya rafiki fulani, kona ya barabara, harufu ya karatasi ya fedha inayochomwa, ugomvi nyumbani, hata noti iliyolipwa jioni. Kila kimoja huamsha hamu kabla mwenyewe hajaamua lolote. Zaidi ya hapo, miezi mingi baada ya arosto mtu huishi na huzuni nzito, usingizi mwepesi na kutofurahia chochote, kwa kuwa mfumo wa raha uliozoea mafuriko unachelewa kurudi katika hali yake. Mazingira nayo yana uzito mkubwa. Mwanasosholojia Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliotumia heroini Vietnam na kurudi kwao miaka ya mwanzo ya 1970, akakuta kwamba wengi wa waliokuwa waraibu kule hawakurudia uraibu nyumbani. Utafiti huo hutajwa mara nyingi kuthibitisha kwamba kila mtu anaweza kuacha akitaka. Mimi nausoma vingine. Wanajeshi wale waliacha nyuma nchi nzima iliyohusiana na unga, wakarudi penye kazi, wake na mitaa isiyokuwa na kumbukumbu hiyo. Kijana wa Kisauni au wa Kinondoni anatoka chumba alichofungiwa na kufungua mlango ule ule, unaotazama kijiwe kile kile.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mzazi angepaswa kuambiwa. Mwili uliozoea dozi kubwa huupoteza uzoefu huo ndani ya siku chache za kutotumia. Kumbukumbu ya kiasi haipotei. Mtu anayerudia hujipimia kama alivyokuwa akijipimia, na dozi iliyokuwa ya kawaida mwezi uliopita sasa inazima pumzi. Mwaka 2003 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kusafishwa mwili. Vifo vitatu vya kuzidisha dozi vilitokea, na vyote vilikuwa miongoni mwa wale waliomaliza matibabu na kupoteza uzoefu wa dawa, yaani wale ambao kwa kipimo chetu cha kawaida wangehesabiwa kuwa wamefaulu. Miaka minne baadaye utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliangalia wafungwa waliotoka magerezani: katika wiki mbili za kwanza za uhuru hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129. Takwimu hizi zinageuza maana ya mambo mengi tuliyoyazoea. Kumfungia mtu, kumweka rumande, au kumpeleka mahali anaposafishwa kisha kumrudisha mtaani bila kinga yoyote ni kumwongezea hatari, hata kama waliofanya hivyo walifanya kwa mapenzi.

Kinga ipo, na imejulikana tangu katikati ya miaka ya 1960, pale Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walipoanza kuwapa waraibu wa heroini methadoni kila siku badala ya kuwasafisha na kuwaaga. Methadoni hushika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na heroini, lakini mwenendo wake ni mwingine kabisa. Heroini hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache, hivyo mtumiaji huzunguka kati ya ulevi na arosto mara tatu au nne kwa siku, na siku nzima huwa kazi ya kutafuta kete inayofuata. Methadoni inayonywewa kama maji ya dawa hupanda polepole na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Mgonjwa aliyefikia dozi yake halewi wala hasikii arosto, na hata akijidunga heroini hapati ulevi aliouzoea. Buprenofini hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa hatari ndogo zaidi ya kuzima pumzi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa zote mbili katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Ushahidi wa tiba hii ni mzito kuliko wa dawa nyingi tunazozimeza bila kuuliza. Nchini Sweden wagonjwa 40 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Nusu walipewa buprenofini mwaka mzima. Nusu walipewa kwa siku chache ili wavuke arosto, kisha wakapewa kidonge kisicho na dawa. Wote walipata ushauri nasaha wa kiwango kile kile, wa kikundi na wa mtu mmoja mmoja. Mwaka ulipoisha, asilimia 75 ya kundi la kwanza walikuwa bado katika matibabu. Katika kundi la pili hakubaki hata mmoja, na wanne kati ya ishirini walikuwa wamekufa. Jaribio lilikuwa dogo, lakini limeungwa mkono na hesabu kubwa. Mwaka 2017 watafiti walikusanya rekodi za zaidi ya watu 122,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, waliokufa wakiwa ndani ya matibabu walikuwa kama 11, na waliokufa wakiwa wametoka walikuwa 36. Ufaransa iliporuhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini katikati ya miaka ya 1990, vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa karibu asilimia 80 ndani ya miaka minne. Tofauti kati ya kundi moja na jingine haikuletwa na ubora wa nia zao. Ililetwa na kubaki katika dawa.

Afrika Mashariki iliufikia ukweli huu kwa njia ya Ukimwi. Heroini iliingia bandari zetu miaka ya 1980, ikivuka bahari kutoka pwani za Pakistan na Iran, na kwa muda mrefu ilivutwa, mara nyingi ikichanganywa na bangi. Kuelekea mwaka 2000 ilifika heroini nyeupe inayoyeyuka kwa urahisi, na sindano ikafuata. Tafiti za Dar es Salaam zilikuta zaidi ya theluthi moja ya wanaojidunga wakiishi na VVU, wakati katika watu wazima wote wa Tanzania ni takriban mmoja kati ya ishirini. Zanzibar, ambako maambukizi kwa watu wote hayafiki asilimia moja, miongoni mwa wanaojidunga yaliwahi kuvuka asilimia kumi. Hofu ya maambukizi hayo ilifungua mlango wa kliniki ya methadoni ya Muhimbili mwezi Februari 2011, hatua iliyoitangulia sehemu kubwa ya bara hili. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Kidongo Chekundu mjini Zanzibar mwaka 2015, baadaye Mbeya, Mwanza na Dodoma. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, ikaenda Malindi na Mombasa. Uganda ikafungua ya Butabika mwaka 2020. Haya ni mafanikio ya kujivunia. Lakini kwa kuwa yalipokelewa kama silaha dhidi ya VVU, maana yake kama tiba ya uraibu haikuelezwa vya kutosha kwa wananchi, na pengo hilo limejazwa na shaka.

Shaka kubwa ni ile inayosemwa misikitini, makanisani, na hata na baadhi ya wauguzi: methadoni ni kuhamisha mtu kutoka ulevi mmoja kwenda mwingine. Pingamizi hili linastahili jibu kamili, maana lina chembe ya kweli. Anayetumia methadoni mwili wake unaitegemea. Akiiacha ghafla atapata arosto, na ya methadoni hudumu siku nyingi kuliko ya unga. Lakini mwili kuitegemea dawa ni jambo moja, na uraibu ni jambo jingine. Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji bure tangu miaka ya 1990. Mwili wa mgonjwa wa aina hiyo huizoea mofini, lakini mgonjwa mwenyewe hamwibii mtu, hatelekezi watoto wake, na humwoni akikimbizana na dozi. Uraibu ni kuendelea kutafuta na kutumia kitu huku kinabomoa kila unachokithamini. Methadoni inayomruhusu fundi kurudi kwenye karakana na mama kurudi kwa wanawe haina dalili hiyo. Mwenye VVU humeza ARV maisha yake yote, na siku hizi hakuna anayemuuliza lini ataacha ili tujue kweli amepona. Kwa upande wa dini, mifano ipo ndani ya ulimwengu wa Kiislamu wenyewe. Iran imeeneza methadoni kwa wingi hadi magerezani, na mwaka 2005 mkuu wa mahakama wa nchi hiyo alitoa waraka wa kuwataka maafisa wa mahakama wasizizuie huduma hizo. Malaysia imefikia hatua ya kugawa methadoni ndani ya msikiti mjini Kuala Lumpur. Wanazuoni wa kule hawakulegeza dini. Waliona kuokoa nafsi kunatangulia.

Pingamizi la pili linatoka katika nyumba za upataji nafuu, zile ambazo wengi huziita soba hausi. Zimeenea Zanzibar, Tanga, Bagamoyo na pwani ya Kenya, nyingi zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia, kwa mpango wa hatua 12 wa vikundi vya kusaidiana na kwa michango ya familia. Wanasema: sisi wenyewe tumeacha bila methadoni, na tuko hai. Ni kweli, na ushuhuda wao haupaswi kudharauliwa. Nyumba hizi zinatoa kile ambacho dirisha la dawa haliwezi kutoa: jina, ratiba, wenzako wanaokuelewa, na baadaye wajibu wa kumwongoza mgeni. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye kazi na familia inayowangoja, hilo linatosha. Lakini wanaosimama kutoa ushuhuda ni waliosalia. Waliorudia na kufa hawana mahali pa kusimama, na hakuna anayewahesabu. Ninachokataa ni ile kanuni ya baadhi ya nyumba kumkataa au kumfukuza anayetumia methadoni kwa madai kwamba si safi. Kanuni hiyo inamlazimisha mtu achague kati ya udugu na dawa, wakati hakuna kinachozuia kupata vyote viwili. Soba hausi inayompeleka mkazi wake kliniki asubuhi na kumpokea mchana ingekuwa na nguvu kuliko kliniki peke yake.

Wapo wanaosema tuzibe chanzo, tiba haitahitajika. Hakuna anayepinga kuwakamata wafanyabiashara wakubwa, na ni sawa kwamba Tanzania iliunda mamlaka yenye meno kwa sheria ya mwaka 2015. Ila tusitarajie kwamba kukamata kutaponya. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, na biashara iliendelea. Na pale unga unapoadimika kweli, wagonjwa hawatoweki. Pwani ya Kenya iliona hivyo kuanzia Desemba 2010 hadi mapema 2011: heroini ilikatika, watu wengi wakaingia arosto kwa pamoja, na wengi wakahamia vidonge, pombe na michanganyiko isiyojulikana. Tahadhari hii ina uzito zaidi leo. Tangu Taliban, watawala wa Afghanistan, wapige marufuku kilimo cha afyuni mwezi Aprili 2022, eneo lililolimwa huko lilishuka kwa asilimia 95 mwaka uliofuata. Estonia iliwahi kupitia uhaba kama huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pengo lilijazwa na fentanili, dawa ya maabara ambayo chembe zake chache huua. Nchi isiyokuwa na methadoni ya kutosha siku unga utakapokatika itakuwa imewaacha watu wake mikononi mwa yeyote atakayeleta kitu kibaya zaidi.

Pamoja na kuitetea tiba hii, lazima niseme inavyotolewa haitoshi. Methadoni ni dawa kali. Wiki za mwanzo, kabla dozi haijapimwa sawasawa, zina hatari yake, na ikichanganywa na pombe au valiamu inaweza kuzima pumzi, kwa hiyo usimamizi wa karibu una sababu. Ila mgonjwa kulazimika kufika dirishani kila siku ya Mungu, mwaka hadi mwaka, hata baada ya kutengemaa, ni kumpa sababu ya kushindwa. Anayetoka mtaa ulio mbali na kliniki analipa nauli mbili au nne kila siku na kuikosa asubuhi ya kazi, ilhali kazi ndiyo tunayotaka aipate. Dozi nazo mara nyingine hubanwa chini kwa kudhani ndogo ni salama, wakati tafiti nyingi, pamoja na zilizofanywa Dar es Salaam, zinaonyesha wanaopata dozi za kutosha ndio wanaobaki. Kuna kosa jingine lisilosemwa sana. Kifua kikuu kimewaandama watumiaji wa unga, na rifampisini inayokitibu hulifanya ini liivunje methadoni haraka zaidi. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza kutoka jasho na kukosa usingizi, analalamika, na anayemsikiliza anadhani anatafuta kulewa. Hadanganyi. Dozi yake imepungua mwilini bila mtu kuigusa, na dawa ni kuiongeza mpaka tiba ya kifua iishe. Wanawake nao ni wachache mno kliniki, si kwa sababu ni wachache maskani, bali kwa sababu mwanamke anayeonekana kwenye foleni ile hupoteza mengi kuliko mwanamume, na mjamzito huogopa kuchekwa na wale wale watakaomzalisha. Kwake methadoni ndiyo njia salama kuliko kuacha ghafla, na arosto ya mtoto mchanga inatibika.

Mwezi Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilidhihirika jinsi huduma hizi zilivyoegemea mfuko wa mtu mwingine. Mgonjwa wa methadoni akikatiwa dawa kwa wiki moja hurudi katika ile hatari ya 36 kwa 1,000. Kwa hiyo ombi kwa wizara za afya za Dodoma, Zanzibar, Nairobi na Kampala ni mahususi. Methadoni, buprenofini na naloksoni, ile dawa inayorudisha pumzi za aliyezidisha dozi, ziwekwe katika bajeti ya serikali na kuagizwa kama zinavyoagizwa dawa nyingine muhimu. Waliotengemaa wapewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Mfungwa mwenye uraibu aanzishiwe tiba kabla ya siku ya kutoka, na atoke akijua kliniki itakayompokea kesho yake. Naloksoni iwafikie familia na wenye soba hausi, maana wao ndio wanaokuwapo pumzi inapokatika. Na wewe uliye na ndugu aliyemaliza siku zake kumi za arosto, usimwache na pongezi tu. Mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo, na akishaanza dawa, usimharakishe kuiacha.